Msalaba au Kimia? Juu ya Jina la Alama za Kulengea

Makusudi ya makala haya ni kuchungua jina la zile nyuzi na alama zionekanazo ndani ya darubini ya bunduki. Wengi husema "msalaba". Naona jina hilo lapoteza nusu ya maana.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Bunduki na risasi yametoka katika Kiarabu. Risasi ni madini kwanza, kisha ndiyo kitu kirushwacho. Darubini ni ya Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Kulenga ni kitenzi cha Kibantu. Shabaha ni alama ipigwayo, tena ni ustadi wenyewe, maana husemwa fulani "ana shabaha". Hizo nyuzi peke yake ndizo hazina jina lililokubaliwa.

Mwaka 1861 John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, akawinda vifaru huko. Bunduki za siku zile zililengwa kwa kulinganisha vyuma viwili, na umbali ulikadiriwa kwa jicho tu. Lakini jicho hudanganya. Msomaji na asimame juu ya kilima huko Kihanga, atazame mlango wa nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, kati ya migomba. Je, ni mita 300 au 600?

Sasa na atwae darubini ya mkononi yenye alama zizo hizo. Zimepangwa kwa miliradiani: kwa umbali wa mita 1,000, miliradiani 1 ni upana wa mita 1, kwa mita 100, ni sentimita 10. Mlango wenye kimo cha mita 2 ukienea miliradiani 4, tutazidisha 2 kwa 1,000 na kugawanya kwa 4: umbali ni mita 500.

Mpiga shabaha huendelea zaidi. Risasi ikiisha kutoka kasibani huvutwa chini kama jiwe, na upepo huisukuma kando. Kwa hiyo, akiwa ameirekebisha darubini yake kwa mita 100, shabaha ya mbali huiweka kwenye alama iliyo chini ya katikati, ili kasiba iinuke. Na upepo ukivuma kutoka kushoto, huiweka kwenye alama ya kulia. Basi "msalaba" hututajia katikati tu, mahali ambapo fundi wa masafa marefu mara nyingi hupaacha.

Je, tuseme "utando"? Husimuliwa kwamba William Gascoigne, Mwingereza wa karne ya 17, alipata wazo la nyuzi hizi alipoona uzi wa buibui ndani ya darubini yake ya nyota. Lakini kwetu utando huziba jicho, hausaidii kuona.

Kilatini husema reticulum, yaani wavu mdogo. Wavuvi wa pwani wana kimia, wavu wa kurusha, ambao kila tundu lake lina kipimo. Napendekeza "kimia cha kulengea". Atakayehofia kulichanganya na "kimya" ataongozwa na hayo maneno mawili yafuatayo. Na atakayesema kwamba Kihanga hakuna bahari, akumbuke kuwa darubini nayo ilitoka Uajemi, wala hakuna aiulizaye kwao leo.