Jumble: Maneno kwa Jicho, Jibu kwa Sikio

Wengi wetu hapa Mesquite gazeti tunalishika tukiwa tunasubiri kitu: nguo ziishe kwenye mashine, au lifti ya kwenda Dallas. (Mji huu haumo kwenye miji wanachama wa DART, kwa hiyo asiye na gari kusubiri anakujua.) Kwenye ukurasa wa katuni kuna kisanduku kinaitwa Jumble. Wengi mnakiruka. Leo naomba tukae nacho kidogo.

Mchezo huu ulianza mwaka 1954, mtunzi akiwa Martin Naydel, na wakati huo uliitwa Scramble. Jumatatu hadi Jumamosi unapewa maneno manne yaliyovurugwa herufi, mawili ya herufi 5 na mawili ya herufi 6. Jumapili yanakuwa sita. Ukishayapanga, herufi kadhaa zinaangukia ndani ya viduara. Hizo unazikusanya na kuzipanga upya, nazo zinatoa jibu la katuni iliyo pembeni. Jibu lenyewe karibu kila mara ni utani wa maneno.

Nimetunga mfano wangu ili nisiwaharibie wa gazetini: NEFIK, SUHEO, DGATEG, LIDMED.

Shida yetu ya kwanza ni jicho. Maneno mengi ya Kiswahili yanaishia na irabu, basi tukiona LIDMED tunaanza kujaribu MI, DE, LI, na hatufiki popote. Kiingereza kinapenda kurundika konsonanti. Tafuta zinazotembea pamoja: TH, SH, CK, DG, KN. Kisha tafuta mikia: ED, ER, LE, ET. Weka LE mwishoni mwa LIDMED, zinabaki M, I, D, D. Ni MIDDLE. Kwenye DGATEG shika DG katikati na ET mwisho, unapata GADGET. SUHEO ni HOUSE, hilo mtoto wa darasa la tatu analipata. NEFIK ndiyo inasumbua, maana sisi tunaandika tunavyotamka, na K ya KNIFE haitamkwi kabisa. Ukikwama, andika herufi kwa mduara badala ya mstari. Lile neno la uongo ulilolizoea linavunjika, macho yanaanza upya.

Kwenye Jumble ya gazetini kuna sharti lingine linalosaidia, ingawa mfano wangu haukulifuata kote: kila fungu la herufi linatakiwa litoe neno moja tu. Ndiyo maana GARDEN haifai, kwa sababu herufi hizohizo zinatoa pia DANGER, GANDER na RANGED.

Watu wa pwani watasema mbona huu ni mchezo wetu wa kinyume. Karibu, ila siyo. Kwenye kinyume tunahamisha silabi nzima, NYUMBA inakuwa MBANYU, na watu wanaongea hivyo mbele ya wageni wasioelewa. Askofu Edward Steere, aliyekaa Zanzibar karne ya 19, aliweka mifano yake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Kinyume kinasemwa na kusikika. LIDMED nani ataisema? Hiyo ni kazi ya jicho peke yake, mpaka ufike kwenye jibu la mwisho. Hapo mambo yanageuka.

Tuseme viduara vimetupa K, N, E kutoka KNIFE; H, O, U kutoka HOUSE; G, A, D kutoka GADGET; na D, D, E kutoka MIDDLE. Katuni inaonyesha mwokaji mikate yuko kazini usiku wa manane, na maneno ya chini yanasema alikubali kazi ya ziada kwa sababu... nafasi ya herufi saba, kisha ya herufi tano. La kwanza limewekwa alama za kunukuu. Zile alama ndizo zinakuambia utani umelala wapi, zisikupite.

Jibu: "KNEADED" DOUGH. Yaani alikanda unga. Lakini KNEADED inasikika sawasawa na NEEDED, alihitaji, na DOUGH mitaani ni hela. Kwa hiyo alikanda unga, na alihitaji hela. Kwetu siyo jambo geni: mtu aliyefukuzwa kazi tunasema amemwaga unga, na hakuna anayekwenda kufagia.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Darasani mhadhiri anatupa neno kama hilo, ukumbi mzima unacheka, wewe umekaa kimya. Mitihani yao unafaulu, insha zao unaandika vizuri kuliko wao, lakini kwenye utani umebaki nje, na wenzako wa kikundi wanaanza kudhani una kiburi. Vitabu tulivyosomea nyumbani vilitufundisha Kiingereza cha kuandika, na matamshi yakiwa ya Uingereza. Utani wa Jumble unakwenda kwa sikio la Kimarekani. LATTER na LADDER kwao ni sauti moja. Hapa Texas wengi hutamka PIN na PEN sawasawa, na ndo maana ukiombwa kalamu unasimama kwanza kufikiri.

Kwa hiyo jibu lisome kwa sauti, hata kama yupo mtu pembeni anakushangaa. Ukilipata na bado hucheki, muulize mwenyeji akueleze. Nimeona watu wakifurahi kuulizwa hivyo kuliko kuulizwa kuhusu hali ya hewa. Na ukishindwa kabisa, majibu ya leo yanachapwa kwenye gazeti la kesho.

Nawaachia moja la nyumbani: THUGHO. Mkia wake ni uleule wa DOUGH, kwa herufi na kwa sauti. Jibu toleo lijalo.