Uzembe wa Tiba: Haki ya Mwanachama na Njia ya Kuidai

Mwanachama apatapo shida, mara nyingi humwendea katibu wa chama chake kabla ya mtu mwingine. Miongoni mwa shida hizo imo ya mkulima aliyeingia hospitali na maradhi, akatoka na kilema kisichotokana na maradhi hayo. Wengi hunyamaza wakisema ni majaliwa. Wengine hungoja msimu upite, na wazindukapo muda wa kudai umekwisha. Yafaa kila chama kielewe sheria ya Tanzania Bara inasemaje.

Uzembe ni nini

Si kila tiba isiyofanikiwa ni uzembe. Mgonjwa aweza kufariki ingawa daktari ametimiza wajibu wake wote. Uzembe ni pale mtaalamu anapofanya pungufu ya vile ambavyo mtaalamu wa kawaida wa kazi hiyo angefanya, na upungufu huo ndio ukaleta madhara. Yote mawili lazima yathibitishwe. Mfano ulio wazi ni wa Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti.

Wako wadhanio kuwa aliyetia sahihi fomu ya kukubali kupasuliwa amepoteza haki yake. Sivyo. Sahihi hiyo ni ridhaa ya kupasuliwa. Si ruhusa ya kuzembea.

Kutunza karatasi

Hakimu si daktari; huamua kwa ushahidi. Kwa hiyo mwanachama atunze kadi ya hospitali, vyeti vya dawa, majibu ya vipimo, picha za eksirei na stakabadhi za malipo. Aandike tarehe, majina ya waliomhudumia na ya walioshuhudia. Aombe kwa barua nakala za jalada lake, naye abaki na nakala ya barua hiyo. Kisha apimwe na daktari wa hospitali nyingine, atoe taarifa ya maandishi.

Milango miwili

Malalamiko juu ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na juu ya muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya huchunguza mwenendo wa mtaalamu, na yaweza hata kumfuta katika orodha. Lakini fidia hudaiwa mahakamani. Anayelalamika barazani asikae akingoja majibu huku akidhani siku za mahakama zimesimama.

Hesabu ya siku

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Ikiwa hospitali ni ya Serikali, zikiwamo za halmashauri, ni lazima kwanza kutoa notisi ya siku zisizopungua 90 kwa mamlaka inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baada ya hapo shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu naye akiunganishwa. Basi siku hizo 90 zihesabiwe mapema. Anayezinduka mwezi wa mwisho amechelewa.

Kupata msaada

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mwanachama aulizie katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake. Msaidizi wa kisheria humwelekeza mtu, lakini hawezi kumsimamia mahakamani kama wakili. Kwa mwenye uwezo, wakili aliyeajiriwa aonyeshe leseni ya mwaka huo, makubaliano ya ada yaandikwe, na kila malipo yapewe stakabadhi. Wapo waliouza mazao yakingali shambani ili kumlipa mtu asiye wakili.

Katibu naye si wakili. Kazi yake ni kumsaidia mwanachama kuandika barua, kupanga karatasi kwa tarehe na kumwelekeza mahali panapohusika. Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya katika mkutano mkuu ujao, na kubandika hesabu ya siku kwenye ubao wa matangazo wa chama.