Kiima si Mtenda: Dhima za Kisarufi na Dhima za Kimaana katika Sentensi, kwa Mifano ya Soko la Pamba Bariadi

Katika darasa la kidato cha tatu la shule moja ya sekondari wilayani Bariadi, ambako mtafiti aliwahi kufundisha, wanafunzi walipewa sentensi (1b) hapa chini wabainishe kiima. Aliyeandika "pamba" alikosa alama, na aliyeandika "karani" alipata. Mwongozo wa kusahihishia ulifuata fasili inayokaririwa na wengi, kwamba kiima ni mtenda wa tendo. Makala haya yanafafanua kwa nini aliyekosa alama ndiye aliyekuwa sahihi, na namna kosa hilo linavyomfuata mwanafunzi hadi katika somo la Kiingereza.

(1) a. Karani alipima pamba kwa mizani.
b. Pamba ilipimwa na karani.
c. Mizani hii ilipima pamba ya kijiji kizima.

Mifano inatokana na shughuli za kituo cha kununulia pamba kwa kuwa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini, na hakuna mwanafunzi wa Bariadi asiyejua nani hupima na nini hupimwa. Kwa upande wa maana, katika sentensi zote tatu pamba ndiyo mtendwa. Karani ni mtenda katika (1a) na (1b), na mizani ni ala katika (1a) na (1c). Kisarufi, hata hivyo, kiima ni karani, kisha pamba, kisha mizani. Kinachokitambulisha kiima cha Kiswahili ni upatanisho katika kitenzi: a-, i-, i-. Fillmore (1968) alieleza kwamba mtenda akiwapo ndiye huchukua nafasi ya kiima kwa kawaida. Asipokuwapo huichukua ala, na ala isipokuwapo huichukua mtendwa. Kauli ya kutendwa huuvunja mpangilio huo, nayo hulipa gharama yake kwa kuongeza mofimu -w-.

Kitenzi "kujaa" kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

(2) a. Pamba imejaa ghalani.
b. Ghala limejaa pamba.
c. Ghalani mmejaa pamba.

Hapa hakuna mtenda hata mmoja, hivyo fasili ya darasani haina la kusema. Katika (2b) na (2c) kiima ni mahali, na katika (2c) kitenzi kinapatana na ngeli ya mahali yenyewe. Je, "pamba" iliyofuata kitenzi ni yambwa? Nafasi yake yaweza kutudanganya. Kwanza, haipokei kipatanishi cha yambwa: *ghala limeijaa pamba haikubaliki. Pili, yambwa halisi hupandishwa kuwa kiima katika kauli ya kutendwa, ilhali tunaposema "ghala limejawa na pamba" kiima kinabaki kuwa ghala, na *pamba imejawa na ghala haisemwi. Kwa hiyo pamba katika (2b) na (2c) si yambwa, ijapokuwa ndiyo iliyokuwa kiima katika (2a). Bresnan na Kanerva (1989) walionesha kwa data ya Kichewa kwamba nomino ya mahali inaweza kuwa kiima kamili, si chagizo lililotangulizwa tu. Msemaji wa Kinyantuzu, lahaja ya Kisukuma inayosemwa Bariadi, halioni jambo hili kuwa geni, kwani lugha yake nayo ina ngeli za mahali. Tofauti ni kwamba huweka alama mbele ya nomino, kama katika "ku kaya", pale Kiswahili kinapoiweka nyuma: nyumbani.

Kauli ya kutendea nayo huongeza mshiriki.

(3) a. Karani alimwandikia mkulima stakabadhi.
b. Mkulima aliandikiwa stakabadhi.

Mkulima hapa ndiye mnufaika, naye ndiye anayepandishwa. *Stakabadhi iliandikiwa mkulima haikubaliki katika Kiswahili. Katika Kichaga yambwa zote mbili huweza kupandishwa (Bresnan na Moshi, 1990), kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dhima ya kimaana peke yake huamua. Tena mofimu hiyohiyo hubeba ala katika "kalamu ya kuandikia".

Kiingereza hutegemea zaidi mpangilio wa maneno, na hapo ndipo mwanafunzi wetu hujikwaa mara ya pili.

(4) a. The clerk weighed the cotton.
b. The cotton weighed ninety kilos.

Kitenzi hakikubadilika umbo, lakini kiima cha (4a) ni mtenda na cha (4b) ni kile chenye uzito. Kiswahili sanifu hutumia muundo mwingine: "pamba ilikuwa na uzito wa kilo 90". Mwanafunzi aliyefundishwa kumtafuta mtenda huiona (4b) kama pamba iliyojipima, na akitakiwa kuigeuza kuwa kauli ya kutendwa huandika sentensi isiyokuwapo katika lugha hiyo, kwa sababu kilo tisini hazikutendwa lolote.

Pendekezo la mtafiti ni dogo na halihitaji kitabu kipya. Swali la uchanganuzi liwe na safu mbili za majibu, ya kwanza ya dhima ya kisarufi inayothibitishwa kwa upatanisho au kwa jaribio la kutendwa, na ya pili ya dhima ya kimaana, kila moja ikiwa na alama zake. Kwa sentensi (1b), safu ya kwanza ingepokea "pamba: kiima", na safu ya pili "pamba: mtendwa, karani: mtenda".