Homoni zinazomgeuka aliyenusurika mshtuko wa moyo
Na Mwandishi Wetu, Tabora

WAPAGAZI wa misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe walilazimika kuvuka Mgunda Mkali, nyika kame iliyo mashariki ya Goweko ya leo. Mbali na kibuyu cha maji, kilichowahifadhi njiani ni homoni zao. Homoni hizo hizo ndizo zinazoweza kumdhuru mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo.

Mshtuko huo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba. Sehemu kubwa ya msuli ikifa, moyo husukuma damu pungufu. Figo zikipata damu kidogo, hazitambui kama chanzo ni moyo dhaifu, jeraha linalovuja au kiu. Kwazo yote ni mamoja. Hutoa renini, ambayo huzaa anjiotensini, homoni inayobana mishipa ya damu. Hiyo nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, inayozuia chumvi na maji visipotee katika mkojo. Adrenalini, kwa upande wake, huharakisha mapigo ya moyo.

Kwa mpagazi mwenye kiu, huo ulikuwa wokovu. Kwa mgonjwa wa moyo, nafuu yake haidumu. Moyo uliojeruhiwa hulazimika kusukuma damu kupitia mishipa iliyobanwa, hutanuka na kuzidi kuchoka. Maji yaliyozuiwa huvimbisha miguu na kujaa mapafuni, hata mgonjwa akashindwa kulala chali. Moyo hujitetea kwa homoni yake ya kutoa chumvi, iliyogunduliwa na Adolfo de Bold nchini Canada mwaka 1981, lakini huzidiwa nguvu.

Ndiyo maana dawa muhimu hazimchapi punda aliyechoka, bali humpunguzia mzigo. Kaptoprili, iliyotokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, huzuia kutengenezwa kwa anjiotensini. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,231 ambao mioyo yao ilidhoofika baada ya mshtuko, na matokeo ya mwaka 1992 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 19.

Tatizo ni kwamba miguu ikinywea, wapo wanaodhani wamepona na kuacha dawa. Figo hazijui hilo, huanza upya. Kutoka Goweko, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, mwisho wa Reli ya Kati. Mizani, hata hivyo, inaweza kuwa karibu: uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, ni maji, na mgonjwa amwone daktari mapema.