Usitupe masega! Hivi ndivyo unavyoweza kutengeneza mishumaa ya mapambo nyumbani

Mishumaa ya jeli inayong'aa kwenye glasi inapendwa sana kwenye harusi na 'kitchen party'. Tatizo ni kwamba jeli yake hutengenezwa kwa mafuta ya madini na polima za kiwandani, na kuipata mkoani siyo rahisi.

Tabora kuna kitu mbadala: nta ya nyuki.

Mkoa huu wa misitu ya miombo unajulikana kwa asali, na mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Biashara ya nta nayo siyo ngeni. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na enzi za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje. Reli ilifika Tabora mwaka 1912.

Hata hivyo, wapo wanaokamua asali kisha wakatupa masega. Hiyo ni hela inatupwa, maana inakadiriwa nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo 1 ya nta.

Hatua za kufuata

1. Safisha nta. Loweka masega kwenye maji usiku kucha ili asali itoke. Yachemshe taratibu kwa maji, chuja kwa kitambaa, acha yapoe. Nta huelea na kuganda juu. Kwangua uchafu ulioganda chini yake.

2. Yeyusha. Weka nta kwenye kopo safi, kisha kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, hivyo moto mdogo unatosha. Ikiungua hubadilika rangi.

3. Andaa utambi. Tumia uzi wa pamba tupu, usokote, uchovye kwenye nta na uunyooshe ukauke. Nailoni haifai, huyeyuka badala ya kuwaka vizuri.

4. Mimina. Pasha glasi nene joto kidogo ili isipasuke. Simamisha utambi katikati kwa kuufunga kwenye kijiti, kisha mimina polepole. Nta ikipoa husinyaa na kuacha shimo, jazia tena.

5. Pamba. Funga kamba ya katani au kipande cha kitenge chini kabisa, nje ya glasi. Usiweke maua makavu karibu na utambi, yatashika moto. Rangi ya chakula ya maji nayo haichanganyiki na nta.

Usalama kwanza

Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko, na usiondoke ikiwa motoni. Ikiwaka, USIMWAGE MAJI, moto utaruka. Funika kwa mfuniko na uzime jiko. Watoto wakae mbali. Usimwage nta kwenye sinki, itaganda na kuziba bomba.

Je, inalipa?

Kilo 1 ya nta safi inatoa mishumaa 10 ya gramu 100. Kabla ya kupanga bei, jumlisha gharama za nta, glasi, uzi na mkaa. Kisha washa mmoja hadi uishe, uone kama unatoa moshi au glasi inapata joto kupita kiasi. Ukifanya vizuri, ndipo uanze kutafuta wateja.