Istilahi ya Lehemu na Dhana ya Kolesteroli

Istilahi "lehemu", itumikayo kwa maana ya kolesteroli, humaanisha pia madini ya kuungia vyuma. Sitiari hiyo yaelekeza fikra kwenye kitu kigandacho mishipani na kudhuru moyo. Hata hivyo, dhana yenyewe ni pana zaidi. Kolesteroli ni sehemu ya utando wa seli; ni malighafi ya homoni kadhaa, asidi za nyongo na vitamini D; na ini lenyewe huitengeneza. Madhara huanza pale lipoproteini za msongamano mdogo, ziisafirishazo katika damu, zinapozidi na kupenya kuta za ateri. Kwa hiyo, hata aliyeacha vyakula vya mafuta aweza kuwa nayo nyingi, na neno "lehemu" halimwelezi sababu. Twapendekeza "kolesteroli" katika maandishi ya kitaalamu: haihukumu kabla ya kueleza.