Antena Moja kwa Redio ya Upepo na AIS

Manahodha na wenye vyombo huuliza iwapo antena moja mlingotini yaweza kutumiwa na redio ya upepo pamoja na mtambo wa AIS, unaotangaza jina, mahali na mwendo wa chombo. Yawezekana, kwani masafa yake ni jirani: chaneli ya 16, ya wito wa dharura, ni megahezi 156.8, na AIS hutumia 161.975 na 162.025.

Ila nyaya mbili zisiungwe pamoja hivi hivi. Redio inaporusha sauti hutoa hadi wati 25, na nguvu hiyo ikiingia katika AIS, iliyoundwa kupokea ishara dhaifu, huiunguza. Lazima kifungwe kigawa mawimbi kilichotengenezwa kwa mitambo ya kurushia. Vile vya televisheni, ambavyo ni rahisi kupatikana madukani, havifai kabisa. Nahodha anapozungumza, kifaa hicho huikata AIS kwa muda. Hilo si zito.

Zito ni kwamba mlingoti ukivunjika, redio na AIS hunyamaza pamoja. Kwa hiyo vyombo vya abiria ni bora vifungwe antena mbili, na chenye antena moja kichukue redio ya mkononi iliyokwisha kuchajiwa.